Ndege Aliyekosa Shahidi

Mama yangu alitunza kibanda cha kuchungulia ndege kwa miaka ishirini na minane. Kama utotoni mtu angeniuliza ni nani ninayegombea naye mapenzi ya mama, ningemtajia bata. Tena si bata mmoja. Ni bata elfu tatu na mia nne, maana aliwahesabu.

Kibanda chenyewe kilikuwa cha mbao, kimesimama kwa miguu yake pembeni ya maji, ndani ya hifadhi ya ardhi oevu iliyoko nyuma ya mji wetu. Kilikuwa na benchi moja refu, ubao wa kuegemezea viwiko, na madirisha membamba ya kupitisha darubini tu, ili ndege wasione watu. Karatasi ya ajira ilimwita mama "mhudumu". Kazi yake ilikuwa kufungua mlango alfajiri, kufagia, kufuta matope ya viatu vya wageni, na kusoma kina cha maji kwenye nguzo iliyochorwa alama. Kuhesabu ndege hakukuandikwa popote. Alijifunza mwenyewe kwa kuwategea sikio wataalamu waliokuja na vitabu vyao, na baada ya miaka michache wataalamu hao ndio wakawa wanamuuliza yeye.

Alihesabu kwa ukucha. Ananyoosha mkono, anafumba jicho moja, anahesabu ndege kumi na kuangalia wameenea kwenye ukucha gani. Kisha anautembeza ukucha huo juu ya kundi zima, taratibu, midomo ikimcheza. Hata kwenye arusi za watu alifanya hivyo. Anasimama mlangoni, ananyoosha mkono, anasema, "Mia moja na arobaini," na wapishi wanakimbilia kuongeza maji kwenye sufuria. Mimi nilikuwa natamani ardhi ipasuke inimeze.

Baba alikuwa fundi cherehani. Alishonea chumba cha mbele, akiwa ameupa mlango wa ndani mgongo ili apate mwanga wa dirishani. Maneno yake yalikuwa ya kuhesabika. Ukimpa salamu ndefu, anakujibu kwa mkasi. Ndege hakuwajua kabisa. Kwake kulikuwa na kuku, kunguru na "wale wa mama yako".

Sasa, watu wa ndege wana sheria zao, na wanazishika kuliko wengine wanavyoshika viapo vya ndoa. Ndege ambaye hajawahi kuonekana mahali haingii kwenye Daftari Kuu mpaka aonwe na watu wawili, na wote wawili watie sahihi. Wao husema macho manne. Mtu mmoja, hata awe profesa, ana macho mawili tu, na macho mawili huona yanachotaka.

Asubuhi moja ya mwezi wa tano, mvua ikiwa imekatika na mgeni hata mmoja hajafika, mama alimwona ndege wake. Alikuwa mdogo wa kuenea kiganjani, mgongo wa kijivu, koo jeupe na shingo nyekundu. Alikuwa akielea na kuzunguka mahali pamoja kama pia, akiyakoroga maji ili wadudu wapande juu, kisha anadonoa. Mama angekimbilia ofisini kuita shahidi, angemkosa. Akabaki. Alimtazama dakika kumi na moja, halafu ndege akaruka na hakuonekana tena.

Mkuu wa hifadhi wa wakati ule alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Ndege wa aina hiyo, alisema, hupita mbali huko baharini, wala hana shughuli na matope yetu. "Mama, umeona kifaranga cha bata." Mama akang'ang'ania, na mkuu, ili amwondoe ofisini, akaandika kwa penseli kwenye ukurasa wa mwisho wa Daftari: *Mhudumu anadai kumwona.* Neno hilo "anadai" lilimkaa mama kooni kama mwiba wa samaki. Na wafanyakazi wengine wakaongeza chumvi. Ikawa mtu yeyote pale akitunga uongo, kwamba ameumwa tumbo jana au pikipiki imemzimikia njiani, wenzake wanamwambia, "Huyo ni ndege wa mhudumu."

Miaka ishirini na miwili mama aliishi na msemo huo. Hakugombana na mtu. Alichofanya ni kusoma. Aliazima vitabu vya wataalamu, akajua juu ya ndege yule kuliko mtu yeyote pale, na jioni akawa anamsimulia baba. Alisimama karibu na meza ya kukatia vitambaa, akichomoa pini na kuzipanga kwenye kopo, huku akieleza kwamba kwa ndege hao jike ndiye mwenye rangi kali, dume ndiye anayeatamia mayai. "Unasikia, baba watoto? Dume ndiye anayeatamia." Cherehani ikaendelea kulia. Hakuwahi kuisimamisha hata siku moja.

"Mama, unaongea na mgongo," nilimwambia nilipokuwa mkubwa wa kutosha kumkasirikia baba kwa niaba yake.

"Najua," akasema. "Lakini mgongo haunikatizi."

Nilikuja likizo wiki yake ya mwisho kazini. Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, na siku mbili kabla kulikuwa na dhoruba kubwa upande wa bahari. Mama alisema upepo kama ule unaweza kuleta chochote. Hakusema zaidi, ila nilimjua. Alikuwa akitoka nyumbani gizani na kurudi macho mekundu. Jumatatu hakuna. Jumanne hakuna. Alhamisi jioni alikaa jikoni bila kuvua viatu, akaniambia, "Mwanangu, sitaki sherehe, wala sitaki saa ya ukutani. Nilitaka tu lile neno lifutwe kabla sijaondoka." Chumba cha mbele cherehani ilikuwa ikilia kama kawaida, na nilimchukia baba kidogo.

Ijumaa asubuhi baba akaifunika cherehani yake kwa kitambaa, akavaa koti. "Leo naenda na mama yako," akasema, kama mtu anayetangaza kwamba anakwenda kung'olewa jino. Miaka ishirini na minane hakuwahi kukanyaga kule. Nikafuatana nao.

Alikaa kwenye benchi la kibanda magoti yamebanana. Darubini aliishika kinyume, akasema ndege wa mama wako mbali sana, ndiyo maana watu hawawaoni. Mama akamgeuzia. Akamwonyesha korongo, yangeyange, na vitwitwi waliokuwa wakikimbia ukingoni. Baba aliitikia kila jina kwa "Ehe" iliyo ileile. Nikaona mama anafurahi hata hivyo, akimshika kiwiko ili kumwelekeza.

Kiasi cha saa nne liliingia kundi la wageni langoni, na mmoja wao alikuwa anatembelea magongo. Mama na mimi tukaenda kumsaidia kwenye daraja la mbao. Tulichukua muda, maana mbao zilikuwa zinateleza. Tuliporudi tulifuatana na afisa wa takwimu, dada wa rika langu aliyefika pale miaka mitatu nyuma na kumpenda mama kama wa kwao. Alikuwa amebeba Daftari Kuu ili mama aweke hesabu yake ya mwisho.

Tulimkuta baba amesimama.

"Nimemwona," akasema.

"Umemwona nani, baba?" afisa akauliza.

"Ndege wake. Wa mama watoto."

Mama alishika nguzo ya mlango. Afisa akawahi dirishani na darubini yake, akatafuta kulia, kushoto, lakini hapakuwa na kitu ila bata. Baba akasema ameruka sasa hivi, kuelekea kwenye matete. Basi afisa akakaa, akafungua Daftari, akaanza kumhoji kama sheria yao inavyotaka.

Sijawahi kumsikia baba yangu akisema maneno mengi kiasi kile. Alisema ndege ni wa kuenea kiganjani. Mgongo wa kijivu wenye mistari miwili ya rangi ya asali. Koo jeupe. Shingo nyekundu, inashuka mpaka kifuani. "Alikuwa anazunguka juu ya maji, anadonoa."

"Anazungukia upande gani?"

"Kulia. Halafu baadaye anageuza, anazungukia kushoto."

"Kwa muda gani?"

"Dakika kumi na moja."

Afisa alifungua kitabu cha ndege, akaiweka picha mbele yetu. Kila kitu kilikuwemo, mpaka mistari ya asali. Akasema sheria inataka macho manne, haisemi lazima yaone siku moja. Mawili ya mama yalikuwepo tayari, mawili ya baba haya hapa. Akachukua kalamu ya wino, akachora mstari juu ya "anadai", lakini akausimamisha nusu ya neno, kwa sababu sahihi ilibidi zitangulie. Baba akatia yake, ile yenye mkia mrefu anayoiweka kwenye risiti za wateja. Kisha kalamu akapewa mama.

Mama aliishika. Akautazama ukurasa muda mrefu, halafu akamtazama baba, na machozi yakamtoka. Mimi nilikuwa nalia kabla yake. Nilikuwa nimemsamehe baba kila kitu, pamoja na vingine ambavyo bado hajavifanya.

Mama akaiweka kalamu chini.

"Usiandike, mwanangu," akamwambia afisa. "Mwezi huu ndege huyu hana nyekundu. Ile huivaa wakati wa kutaga tu, kisha huivua. Sasa hivi ni kijivu na mweupe basi."

"Lakini kitabu, mama..."

"Kitabu chako kina picha moja."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini sikujua inaweza kuishia kwenye manyoya. Baba aliinamisha kichwa. Afisa aliangalia mlangoni, akashusha sauti. "Mama, mimi hilo sikulisikia. Hakuna mwingine anayelijua hapa. Tia sahihi, tafadhali. Unastahili."

Ningemwambia vivyo hivyo. Kwa kweli nilimwambia, tena kwa hasira. Nilimwambia alimwona kweli ndege yule, sote tunajua, kwa hiyo kuna ubaya gani kweli ikiingia kwa mlango wa nyuma?

"Wameniita mwongo miaka ishirini na miwili," mama akasema, "na sikuwa mwongo. Nikitia sahihi hapa, ndipo watakuwa wamesema kweli."

Akaikata mwenyewe sahihi ya baba, kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika chini yake hesabu ya siku: bata mia sita na ishirini, korongo kumi na wanne, vitwitwi mia mbili. Ndege wake akabaki pale pale alipokuwa, kwenye ukurasa wa mwisho, na "anadai" lake lililokatwa nusu. Bado yuko hivyo mpaka leo. Afisa alilichukua Daftari kwa mikono miwili, akatoka bila kuaga, nadhani ili tusimwone uso.

Tukabaki watatu. Baba alikuwa amerudi kwenye benchi, akizitazama ncha za viatu vyake.

"Niliona bata tu," akasema.

"Najua."

"Hata hao sina hakika ni bata."

"Ni bata, mzee."

"Nilitaka wakuandike," akasema. "Jana nilikusikia jikoni."

Mama akakaa kwenye benchi pole pole, kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa. "Hiyo mistari ya asali uliitoa wapi?"

"Kwako."

"Lini?"

"Nilikuwa nashona sare za wauguzi, zile za buluu. Ulisema mwanzo ulidhani ni ya njano, ukabadilisha, ukasema asali."

"Na kugeuza upande?"

"Hilo ulilisema mara mbili. Mara ya kwanza hukuwa na uhakika."

Mama aliuziba mdomo kwa mkono. Mabega yalikuwa yanamtikisika, na sikujua anacheka au analia, mpaka nikaona ni vyote viwili. Miaka yote ile nilimhurumia kwa kuwa hana mtu wa kumsikiliza. Na hapa alikuwapo mtu mwenye kila neno lake, kwa mpangilio, na makosa yake yamo, na masahihisho yamo. Niliona aibu, na nilifurahi mno hata nikakosa pa kutazama, nikawatazama bata.

Baba alikohoa. Alikuwa bado na dukuduku, na alilitoa kwa sauti ya fundi aliyeletewa vipimo visivyokamilika.

"Lakini hilo la kuivua nyekundu," akasema, "hilo hukuniambia."

Mama akafikiri. Alifikiri kwa makini, akipekua jioni zote zile moja moja, maana alikuwa mtu wa haki.

"Kweli," akasema. "Hilo sikukuambia."

Akamsogelea kwenye benchi, akaanza kumwambia.