Droni Iliyotaka Kwenda Kendu Bay

Mimi Lorine sina mdomo mtamu, na sitaanza leo. Shemeji yangu Maxwell nimemsema miaka kumi na mmoja bila kupumzika, tangu nilipoolewa na ndugu yake Elvis tukapanga nyumba hapa Sori, kando ya ziwa. Kilichonifunga mdomo ni mambo ya Agosti iliyopita, mume wangu alipopotea ziwani, na huyo huyo Maxwell niliyemwita mtoto mkubwa akaja kumtafuta na kichezeo chake kipya.

Kwanza mumjue. Maxwell ana studio Homa Bay mjini, chumba kimoja tu, shuka nyeupe ukutani na kiti cha plastiki. Anapiga picha za pasipoti. Ukikaa pale atakwambia, "Inua kidevu, mama, na usicheke. Serikali haitaki meno." Halafu anacheka yeye. Baadaye akaingia kwenye video za harusi na mazishi, na hapo ndipo alipopata jina, kwa sababu kwetu mazishi bila video ni kama hayakufanyika. Wajukuu walio mbali lazima waone nani alilia na nani alikuja kula.

Droni yake ya kwanza aliinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anamaliza mradi wa visima akirudi kwao. Watu waliiita Otenga, yaani mwewe, maana ikipaa tu kuku wote wa boma walikimbilia chini ya ghala. Kuna mama wa Ndhiwa alikuja na hasira zake akisema kuku wake ameacha kuatamia mayai. Maxwell akamwomba msamaha kuku pia.

Ile Otenga ilizeeka vibaya. Mguu mmoja ulifungwa na mpira wa tairi, betri ilidumu dakika nane, na picha zilitetemeka hadi bibi harusi akaonekana ana homa. Wala haikujua kurudi. Ukiirusha, uirudishe mwenyewe kwa vidole vyako, la sivyo umeiaga. Elvis wangu, ambaye ni fundi wa injini za boti, aliichomelea nyaya mara tatu na kila mara akamwambia ndugu yake anunue nyingine. Maxwell alijibu, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Basi sawa.

Mbachao ukamwaibisha huko Rongo, kwenye mazishi ya mwalimu mkuu mmoja. Mchungaji amefumba macho, ameinua mikono, anasema, "Shuka, ee Roho, shuka kati yetu," nayo Otenga ikashuka. Ilitua juu ya hema la wachungaji, puu! Watu walicheka mazishini, wengine hadi wakatoka nje ya boma kumalizia. Maxwell alirudi Homa Bay na aibu yake, na wiki iliyofuata akapanda gari kwenda Migori kutafuta droni mpya.

Dukani alihudumiwa na binti Mkisii anayeitwa Nyakerario, mpole, mwenye subira ya kufundisha mawe. Akamwonyesha kitu kidogo kinachokunjwa kama mwavuli, kina betri tatu, na kila betri inakaa nusu saa hewani. Kinaenda kilomita kadhaa bila kukupoteza. Na chaji ikipungua kinarudi nyumbani chenyewe. Maxwell alishika kifua. Kipya kinyemi ingawa kidonda, sembuse kipya kisichokuwa kidonda! Nyakerario akamwekea simu izungumze Kiswahili, kisha akamuuliza, "Tuweke nyumbani ni wapi?"

Yeye Nyakerario alimaanisha mahali droni itakaporushwa na kurudi. Lakini Mluo usimuulize nyumbani ni wapi halafu utegemee jibu la mchezo. Chumba alichopanga Homa Bay ni nyumba tu. Kwetu Sori pia ni nyumba. Nyumbani, dala, ni kule baba alikokukatia kiwanja, na ndiko watakakokuzika hata ukifia mwezini. Kwa hiyo Maxwell alijibu kwa heshima zote, "Nyumbani ni Kendu Bay, kwa baba yangu." Binti wa watu akatafuta Kendu Bay kwenye ramani, wakasogeza pamoja hadi kwenye paa la baba mkwe wangu, akabonyeza. Yeye alidhani mteja anaishi huko. Mteja alidhani kitu kimeandikishwa kabila na ukoo.

Alipokuja Sori kutuonyesha, nilimpa vidonge vyake. "Mwanamume wa miaka thelathini na tisa, jiko la mama linavuja, wewe unanunua ndege?" Maxwell akacheka tu, akairusha kidogo juu ya omena, dagaa wetu, zilizoanikwa, akaishusha kwa vidole kama alivyozoea. Elvis alifurahi kuliko mwenye nayo.

Sasa nije kwa Elvis. Alikuwa ametengeneza injini ya bwana mmoja wa Muhuru anayeitwa Job, na Job alimsumbua kwa simu wiki nzima. Jumamosi ni Sabato, hatugusi spana. Jumapili alfajiri Elvis akaifunga injini kwenye boti aende kuijaribu. Hakubeba kasia. Simu aliiacha mezani ikichaji. "Dakika ishirini, nyar Gwassi," akaniambia. Ananiita hivyo, binti wa Gwassi, akitaka nisigombe. Nikamwekea chai.

Saa nne chai ilikuwa baridi. Adhuhuri watu wa bichi, pale ufuoni boti zinapotia nanga, wakanituliza, labda injini ilikwenda vizuri akaamua kumpelekea mwenyewe Muhuru. Nami nikashika hilo. Jioni nikampigia Job. Akasema, "Shemeji, mimi sijamwona. Nilidhani bado anaitengeneza." Yawa! Boti nne ziliondoka kuelekea Muhuru na nyingine zikaingia kilindini, zikarudi na nyavu za watu wengine tu. Usiku huo siusimulii. Upepo ulivuma kutoka kusini na mimi nilisikia kila bati la Sori.

Jumatatu kabla ya saa mbili Maxwell akashuka kwenye pikipiki, macho mekundu, begi mgongoni. Na mimi, kwa uchungu wangu, badala ya kumkumbatia nikamwambia, "Ndugu yako yuko majini, wewe umeleta midoli." Alitandaza gunia mchangani, akakunjua droni, akachomeka simu kwenye rimoti, akaiwasha. Simu ikasema kwa sauti ya kike, ya adabu, Kiswahili cha darasani kabisa: "Sehemu ya nyumbani iko mbali na hapa. Ungependa kubadilisha nyumbani?"

Maxwell aliiangalia kama imemtusi mama yake. "Unasikia? Ndugu yangu amepotea, hii inaniuliza kama nataka kuhama kwa baba!"

"Bonyeza hapana," nikasema. Haki ya Mungu, hata mimi ilinikera. "Watu wa kompyuta hawana haya. Bonyeza hapana, shemeji."

Akabonyeza hapana.

Tony, mwenyekiti wa bichi, alituonyesha upande wa kutafuta: kusini, njia ya Muhuru. Betri ya kwanza tuliimalizia huko. Tuliona ndege weupe, mitumbwi ya wavuvi, jerikani moja iliyonishtua hadi nikakaa chini. Ilipobaki chaji kidogo Maxwell akairudisha kwa vidole vyake, mazoea ya Otenga. Akaweka betri ya pili, akaipeleka magharibi kwenye maji mengi. Huko hakukuwa na kitu. Maji tu, maji tu, na sisi watu kama ishirini tumeinamia kiskrini kidogo kama kiganja, kila mtu anaomba moyoni. Maxwell alikodoa macho mpaka akasahau kuangalia chaji.

"Betri imepungua," ile sauti ikasema. "Inarudi nyumbani."

"Acha irudi," Maxwell akasema, akijifuta jasho. "Tutaweka ya tatu."

Droni ikageuka. Lakini haikugeukia kwetu. Tukatega masikio, tukaangalia angani, hakuna kitu. Kwenye skrini ufuo wa Sori ulikuwa unapita pembeni, ukipungua, na mbele kulikuwa na rasi, ule mdomo wa nchi kavu unaoingia ziwani kaskazini, upande ambao hakuna aliyeutafuta. Maxwell akavuta vile vijiti vya rimoti kushoto, akavuta kulia, haikusikia. Kitufe cha kuisimamisha kipo, Nyakerario alimfundisha, lakini mtu aliyechanganyikiwa hata jina lake halikumbuki.

"Inaenda wapi?" Tony akauliza.

Nikamwona Maxwell akipauka. "Kendu Bay," akasema polepole. "Inaenda kwa baba."

"Kilomita zaidi ya sitini?"

Wuololo! Nilichosema hapo siwezi kukiandika, nina watoto na nina kanisa. Nilimnyang'anya rimoti na nilikuwa tayari kuitupa ziwani. Mkono wangu ulikuwa juu. Na kwa sababu rimoti ilikuwa mkononi mwangu, mimi ndiye niliyeona wa kwanza.

Nyuma ya ule mdomo wa nchi maji yalikuwa yamefunikwa na gugu maji, kijani kitupu, ungedhani ni shamba la mtu. Katikati ya shamba hilo kulikuwa na boti. Juu ya ubao wa boti alisimama mtu, amevua shati, analizungusha kichwani. Alikuwa mdogo kama mchwa, lakini ndoa ya miaka kumi na mmoja si bure. Nilimjua kwa tumbo. Hakuna mwingine Sori anayesimama tumbo likiwa limetangulia hivyo.

"Ni Elvis! Ni Elvis! Ni Elvis!"

Tulimwona kwa muda wa kuhesabu hadi tano, halafu droni ikampita, ikaendelea na safari yake kuelekea vilima vya Gwassi, na baadaye kidogo skrini ikawa nyeusi. Hakuna aliyejali. Tony alikuwa ameshajua mahali, akawaita vijana wenye mapanga ya kukata gugu, boti mbili zikaondoka zikipanda juu ya maji. Mimi nilipiga vigelegele, kitambaa kikanianguka kichwani, nikaruka juu, nikamkumbatia kila mtu aliyekuwa karibu, mwenye deni langu la sabuni na asiye nalo. Maxwell alikuwa ameketi mchangani akilia kama mtoto wa chekechea.

Walimleta baada ya karibu saa mbili. Midomo imepasuka, ngozi ya mabega imeungua, viganja vina malengelenge ya kupiga maji kwa kipande cha ubao. Na mnajua ilikuwa nini? Fundi mzima alisahau kulegeza kifuniko cha hewa kwenye tangi la mafuta. Injini ikakosa pumzi ikazima. Kabla hajagundua kosa lake alivuta kamba ya kuwashia kwa hasira hadi ikakatika. Upepo ukambeba taratibu ukamtia kwenye magugu, yakafunga mlango. Mganga hajigangi. Usiku kucha nilikuwa nimemtungia maneno makali ya kumpokea nayo, kila neno mahali pake. Aliposhuka, kinywa changu kikasema, "Umekula?"

Nikamgeukia Maxwell mbele ya bichi nzima. "Shemeji, nisamehe. Si midoli."

Hakuringa hata kidogo. Aliniangalia tu, akasema, "Lorine, kama tungebonyeza ndiyo, ingerudi hapa moja kwa moja." Nilihisi baridi na jua lilikuwa linachoma.

Droni yenyewe ilionekana Alhamisi. Mama mmoja wa Gwassi, Zilpah, aliikuta kwenye matuta yake ya viazi, akaifunika na karai isije ikaruka tena, akamwita naibu wa chifu. Ilivunjika mkono mmoja tu. Maxwell alipokwenda Migori kununua mkono mwingine ilibidi amsimulie Nyakerario kila kitu, na yule binti mpole alicheka hadi akatafuta kiti. Kisha akalia kidogo. Kisha akamfundisha upya, kuanzia mwanzo.

Elvis ndiye aliyeufunga huo mkono. Alikuwa ameketi mlangoni asubuhi na bisibisi yake ndogo, mimi napepeta mchele, na bila kuinua kichwa akaniambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu.

"Niliisikia kabla sijaiona," akasema. "Nikajua ni Maxwell. Nikapanda juu ya ubao, nikavua shati, nikapiga kelele, na najua haina masikio. Ikaja moja kwa moja hadi juu ya kichwa changu. Halafu ikapita. Haikupunguza hata mwendo."

Nikaacha kupepeta.

"Nikasema basi, hawakuniona. Hawatarudi tena upande huu. Nikakaa kwenye maji ndani ya boti nikalia, Lorine. Nilikuaga."

Mume wangu alikuwa ananiaga, na dakika hiyo hiyo mimi nilikuwa nacheza bichi kichwa wazi. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia tuliruka kama wendawazimu, nikamwambia hata Tony nilimbusu.

"Ulimbusu Tony?"

"Shavuni."

Akaweka bisibisi chini. "Hebu niambie tena."

"Habari ya Tony?"

"Hapana. Pale mliponiona."

Nikavuta kiti karibu naye, nikamwambia tena.