Kuni za Kipsang

Esnah wa Chebunyo alikuwa na ugomvi wa kudumu na nyasi. Usidhani natia chumvi. Jani likithubutu kuchipuka hatua kumi kutoka mlangoni pake, kufikia saa nne asubuhi limeshang'olewa. Matundu ya ukuta aliyaziba kwa udongo na samadi. Chini ya mlango alipigilia kipande cha mpira wa tairi pasibaki upenyo. Mahindi aliyaweka kwenye ghala lenye miguu ya mbao, na kila mguu akauvisha bati ili panya asipande, maana panya akihamia kwako, nyoka anakuja kumtembelea. Giza likiingia hatoki bila gambuti na tochi, hata akienda chooni tu. Zamani alikuwa akinyunyiza mafuta ya taa kuzunguka nyumba, mpaka muuguzi wa zahanati alipomwambia kwamba anaipa ardhi mafuta ya bure, nyoka wenyewe hawana habari.

Basi mtu mwangalifu hivyo ungetarajia boma lake liwe safi kabisa. Lakini nenda nyuma ya jiko. Hapo ukutani palikuwa na rundo la kuni lililopangwa vizuri, kimo cha kifua chake, refu kama ng'ombe aliyelala, na lilikuwa halijaguswa kwa mwaka wa nne. Chini yake palikuwa na giza, joto na panya. Kama ningekuwa nyoka, mimi pia ningeomba kukaa hapo.

Kuni hizo zilipasuliwa na mumewe, Kipsang.

Kipsang alifanya kazi ya kuchuma chai kwenye mashamba makubwa ya Kericho kwa miaka thelathini. Alikuwa anakuja nyumbani mwisho wa mwezi, siku mbili, kisha anarudi. Esnah alilea mtoto peke yake, akakamua ng'ombe peke yake, akabeba kuni kwa mgongo kutoka bondeni peke yake, na kila mwezi alihesabu siku. Alimpenda huyo mwanamume kwa namna ya mtu anayeishi akiangalia njia. Siku Kipsang alipostaafu na kurudi na sanduku lake, alikaa wiki moja tu, kisha akachukua shoka. Wanaume wa jirani walimcheka, kwa kuwa kwao kuni ni kazi ya mama. Aliwaacha wacheke. Alipasua msimu mzima wa kiangazi, akapanga, akapiga rundo kofi kama mtu anayemsifu fahali wake, halafu akamwambia mkewe:

"Miaka yote hiyo ulibeba peke yako. Sasa pumzika."

Wiki tatu baadaye moyo wake ulisimama akiwa amekaa kwenye kiti. Hakuna hata ukuni mmoja uliokuwa umewashwa.

Sasa niambie wewe, ungezichoma? Esnah alishindwa. Alirudi bondeni na kamba yake, akabeba kuni nyingine mgongoni, akazipitisha mbele ya zile za Kipsang kila siku.

Halafu nyoka akahamia. Alikuwa swila, yule wa kutanua shingo, na Esnah alimwona mara ya kwanza akiingia taratibu chini ya rundo, bila haraka, kama mwenye nyumba. Wazee wa Kipsigis walikuwa na desturi yao. Nyoka akiingia bomani kwa utulivu hapigwi fimbo, huenda ni mtu wenu aliyefariki amekuja kuwaona. Humwagiwa maziwa kidogo ili aridhike, aende zake kwa amani. Esnah ni mtu wa kanisa, anaimba kwaya, na alijua mchungaji angesema nini. Lakini jioni ile aliweka bakuli la maziwa kando ya rundo. Kesho yake akaweka tena. Na hapo ndipo alipokosea, maana desturi ni ya kumsindikiza aende, naye alimwaga maziwa ili abaki.

Nyoka hanywi maziwa, bwana. Walioyanywa ni panya, na panya ndio walimnenepesha nyoka.

Dorcus, binti yake wa pekee, alikuwa mshonaji nguo mjini Litein. Alikuja kumwonyesha mama mtoto wake, Chemutai, aliyekuwa ameanza tu kutambaa. Mchana mmoja alitoka jikoni akamkuta mtoto ameshika ukingo wa bakuli, na ndani ya kuni, karibu sana na ule mkono mdogo, kichwa cha swila kimetulia. Alimvuta mtoto kwa mguu. Hakuna aliyeumwa. Dorcus hakupiga kelele, na nafikiri angepiga ingekuwa afadhali. Alifunga nguo za mtoto kwenye mkoba, akasimama mlangoni.

"Mama, mimi pia namkosa Baba. Lakini hizo kuni zikiwa hapo, mtoto wangu hatakanyaga hapa."

Akaondoka. Miaka miwili ikapita. Kutoka Chebunyo hadi Litein si mbali, ukitoka asubuhi unafika kabla ya chakula cha mchana. Esnah angeweza kwenda, na mara mbili alivaa kabisa, akafika stendi, akaona aibu, akarudi. Angesema nini? Kwamba amechagua kuni? Ndiyo maana alianza vita na nyasi, na matundu, na mabati ya ghala. Alikuwa akifanya yote isipokuwa lile moja, kama mtu anayefagia nyumba nzima akiruka mahali penye uchafu. Usiku, ndani ya neti aliyoichomeka vizuri chini ya godoro, alikuwa akiwaza jinsi mtoto anavyonuka akitoka kuoga, na machozi yalimtoka bila ruhusa yake.

Jumapili walikuwa wakiongea kwa simu. Mwezi wa kumi mwaka jana, Dorcus alikuwa kwenye cherehani, akampa mtoto simu. Esnah akasikia pumzi ndogo, kisha sauti safi ya mtoto anayejua kuongea.

"Wewe ni nani?"

Esnah alikata simu. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akabaki hapo mpaka ng'ombe wakaanza kulalamika.

Kesho yake alimwendea jirani yake Nyambeki, akamwomba amsaidie kuondoa lile rundo. Huyu ni Mkisii aliyehamia hapo na mumewe miaka mingi iliyopita, anauza ndizi sokoni, na mdomo wake hauna breki. Nyambeki alisema alikuwa akingoja mwaliko huo tangu zamani, tena kwamba ameshanunua gambuti mpya kwa ajili ya harusi hiyo. Lakini alipomtazama Esnah usoni aliacha mzaha, akachukua fimbo ndefu.

Walingoja jua lipande. Walifungia kuku, wakafunga mlango wa jiko, wakasimama mbali kadiri mpini wa jembe ulivyoruhusu, wakaanza kuvuta kuni moja moja kutoka juu. Hakuna aliyetia mkono mahali asipopaona. Kila ukuni Esnah aliujua. Huu wenye fundo ulimshinda Kipsang siku nzima. Huu aliupasua akiimba. Walipofika chini wakakuta kuni zimeliwa na mchwa, zimebaki ganda tu, ukigusa zinamwagika unga. Esnah akasimama. Miaka minne alidhani anazitunza, kumbe zilikuwa zikimwondokea kimyakimya, na yeye amempoteza mtoto kwa ajili ya vumbi.

"Mama Dorcus, rudi nyuma," Nyambeki akasema polepole.

Swila alikuwa ametoka. Aliinua kichwa, akatanua shingo, akawatazama. Nyambeki akainua fimbo. Esnah akamwomba aishushe, wakarudi nyuma hatua kwa hatua, na akachukua kibuyu kidogo alichokuwa ameacha kando ya mlango. Akamwaga maziwa chini, pale pale aliposimama, mbali na nyoka.

"Kama ni wewe, asante kwa kuni," akasema. "Sasa nenda. Mtoto anataka kuja nyumbani."

Swila alishusha kichwa, akapita kando ya ua, akateremka kuelekea bondeni ambako Esnah alikuwa akitoa kuni zake. Nyambeki, Msabato wa kuzaliwa, alitazama mawingu kana kwamba hakusikia kitu.

Kuni zilizobaki nzima zilihamishwa mwisho wa shamba, juu ya mawe na fito, mbali na nyumba. Kila asubuhi Esnah alileta za siku hiyo tu. Akapikia chai, akapikia ugali, akaota moto wa Kipsang majuma sita, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe hakwenda bondeni. Alipumzika, kama alivyoambiwa. Alilia sana majuma hayo, lakini alikuwa na joto.

Vipande vya senetwet, mti ambao mkaa wake husafishia vibuyu, alivitenga mpaka mwisho. Alivichoma, akasugua mkaa ndani ya kibuyu kikubwa, akajaza maziwa, akafunika. Kisha akampigia Dorcus simu, akasema maneno matano: ukuta wa jiko uko wazi.

Walikuja wiki ya Krismasi. Dorcus alipita moja kwa moja nyuma ya jiko. Ukuta ulikuwa mtupu, na palipokuwa na rundo udongo ulikuwa wa rangi nyingine, umefagiwa. Alikuwa ameomba jambo hilo kwa miaka miwili, lakini alipoliona alifunika uso kwa leso.

"Zote, Mama? Hata moja hukuniwekea?"

Esnah alitikisa kibuyu, akamimina mursik kikombeni, maziwa yaliyoganda, mazito, yenye madoa ya mkaa, akampa. Dorcus alikunywa kidogo, akasita, akanusa. Alikuwa anaijua harufu hiyo ya moshi. Ndiyo iliyokuwa kwenye koti la baba yake msimu ule wa kiangazi, alipokuwa akiwasha vibanzi vya kuni hizo jioni karibu na shoka lake. Akanywa chote bila kupumua.

Chemutai alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha katikati ya ua uliofagiwa, akifuta kikombe chake kwa kidole. Juu ya mdomo alikuwa na masharubu meusi ya mkaa wa babu yake. Alimtazama huyu mama mzee kwa muda mrefu, kisha akanyoosha kikombe.

"Kogo, ongeza."

Esnah alisikia jinsi alivyoitwa, bibi kwa lugha yao, na akamimina mpaka maziwa yakamwagikia mkono wa mtoto.