Klachi Ngumu

Soko la Kabati, njiani kwenda Kitui, sisimami. Hata niwe na kiu namna gani, nitapita pale nikiangalia mbele mpaka soko liishe, kwa sababu kuna fundi sitaki kumwona, na zaidi ya hapo sitaki yeye anione.

Siku hiyo nilikuwa nampeleka mama Kitui kutolewa mtoto wa jicho. La kushoto lilikuwa limekwisha kabisa, la kulia lilikuwa limebaki na kivuli tu. Madaktari wa macho walikuwa wamekuja kwa siku mbili, na hiyo ilikuwa ya pili. Tangazo lilisomwa kanisani likarudiwa: majina yanaandikwa mpaka saa sita mchana, na atakayekosa atangoja mpaka warudi. Watarudi lini, hakuna aliyejua. Mwaitu, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba, alikuwa na haja moja tu, asome mwenyewe kitabu chake cha nyimbo. Alikuwa amechoka kuimba neno moja nyuma ya watu wote.

Mimi nina duka la misumari na mabati Sultan Hamud. Nilikuwa nimetoka huko jana yake na pikapu yangu, nikapitia Makueni, nikalala nyumbani kwa mama. Wa nyumbani wangeweza kumpandisha matatu bila mimi, lakini nilikuwa nimejigamba kwa ukoo mzima kwamba Mwaitu atafikishwa kwa daktari na gari la mtoto wake. Basi saa mbili asubuhi tukaondoka, yeye akiwa hajatia kitu tumboni, maana tuliambiwa asile.

"Nani anakula embe?" akaniuliza tukiwa njiani.

"Hakuna embe, Mwaitu. Ni njaa hiyo."

"Mimi nasikia harufu ya embe."

Nikamwambia atulie, tena si kwa sauti nzuri.

Tukiingia Kabati, punda wa maji akavuka mbele yangu na mitungi yake. Nilifunga breki kwa nguvu, gari likazimika. Nikaliwasha tena, nikakanyaga klachi, nikasukuma gia ya kwanza. Ikakataa. Ilisaga meno vibaya sana, watu wote wa barabarani wakageuka. Nikajaribu ya pili, nikajaribu rivasi, zote zikakataa. Nikazima injini. Gia zikaingia moja baada ya nyingine bila shida. Nikiwasha, hakuna kitu.

Wanaume watatu walinisukuma mpaka kando, mbele ya kibanda cha fundi. Huyo fundi alikuwa anatafuna majani ya muguka, shavu limemvimba, na kila baada ya maneno mawili alikuwa anatema mate ya kijani karibu na gurudumu langu. Nilimweleza vizuri. Nilimwambia, ikizimwa zinaingia, ikiwaka haziingii, na klachi imekuwa ngumu, haishuki mpaka chini. Mtu mwenye akili angeanzia hapo.

"Hiyo ni giaboksi, madam," akasema, hajagusa kitu. "Dakika kumi tu."

Akaingia chini ya gari. Nilisimama nikitazama soksi zake, na soksi zile sitaki kuzieleza. Alipotoka alifungua boneti, akafungua kikopo cha mafuta ya klachi, akachovya kidole, akakionja. Naapa sisemi uongo: akakionja, akatema, akasema mafuta ni mazuri. Kisha akafungua mlango wa mama bila hata hodi, akavuta leso iliyokuwa mapajani pake, akapangusia mikono. Leso ya kwenda hospitali. Mwaitu alipapasa magoti yake, akaniuliza kama upepo umeichukua.

Karibu na kile kibanda alikuwepo mzee mmoja wa kanisa, na tai shingoni, hana kazi yoyote pale. Yeye alikuwa anawaelimisha wengine kwamba wanawake huharibu magari kwa sababu ya kukalia klachi kwa mguu safari nzima. Alisema hivyo mara tatu, nami nimesimama hapo hapo. Niliiangalia tu ile tai yake yenye doa la mchuzi.

Matatu ya Kitui ikasimama, kondakta akaita, nafasi mbili. Mwaitu alisikia.

"Twende na hiyo," akasema.

Nilimwangalia fundi. "Dakika kumi, madam. Mungu mbele, nimeshaona shida." Nikamwambia mama tungoje, goti lake litaumia kule ndani. Goti lake halikuwa na neno siku hiyo. Sikutaka tu tufike Kitui tumebanana kwenye matatu baada ya kujigamba kote kule. Nyingine ikapita, nayo nikaiacha. Hapo ndipo ninapojichukia, kuliko pengine pote.

Saa tano na nusu yule bwana akatoka chini akasema giaboksi lazima ishushwe, nimwachie gari mpaka kesho kutwa. Nilimwambia asishushe chochote, aingie kwenye kiti changu na ile suruali yake, akanyage klachi mwenyewe kwa mguu wake mwenyewe, kitu ambacho alikuwa hajafanya asubuhi nzima.

Akaingia. Akakanyaga, mguu ukagota nusu ya njia. Akakanyaga tena. Akainama, akainua mkeka wa raba, ule mzito niliokata mimi mwenyewe kutoka kwa tairi kuukuu, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Akatoa kokwa la embe. Lilikuwa kubwa, limenyonywa, nywele zimeshikana na mchanga, na sisimizi wanatembea juu yake. Alilishika kwa vidole viwili, yeye aliyeonja mafuta ya klachi, akalitazama kwa kinyaa.

"Madam, giaboksi yako ni hii."

Walicheka. Yule mzee alicheka mpaka akashika tai.

Lilikuwa langu. Jana yake nilinunua maembe Makueni kando ya barabara, nikala manne nikiendesha, mkono mmoja kwa usukani, juisi ikitiririka mpaka kwenye kiwiko. Dirisha langu ni gumu kushusha. Makokwa niliyaangusha hapo chini miguuni, nikijiambia nitayatoa nikifika, na nilipofika nikatoa matatu; la nne lilibaki, na ile breki ya punda ikalisukuma mpaka chini ya klachi. Mimi, ambaye dukani nafokea wateja kwa sababu ya matope ya viatu.

"Wanacheka nini?" Mwaitu akauliza.

"Nati," nikasema. "Kumbe ni nati tu ilikuwa imelegea."

Tulifika Kitui saa saba kasoro robo. Kitabu cha majina kilikuwa kimefungwa, na msichana wa pale mezani alikuwa anapangusa meza. Alituomba radhi kwa adabu, sikuwa hata na mtu wa kugombana naye. Kwenye benchi walikaa wazee waliowahi, kila mmoja na kibandiko cheupe juu ya jicho atakalotibiwa. Mwaitu alisikia sauti zao, akaniuliza wako wangapi. Nilimwambia ni wachache.

Nilimnunulia chai na mandazi, akala yote, maskini, tangu usiku alikuwa hajala. Tukarudi. Tulipopita Kabati nilitazama mbele.

"Ile nati," akasema, uso wake umeelekea dirishani, "uliitupa?"

"Niliitupa, Mwaitu."

"Vizuri. Ilikuwa inanuka embe tangu asubuhi."

Nilikanyaga klachi mpaka chini, nikaingiza gia ya nne, ikaingia bila hata kelele.