Nilivyomfanya Afande Kuwa Steringi Mbele ya Wakwe

Jamani, hii aibu nimeikalia kimya miezi saba, na wala nisingeitoa leo kama Mama Furaha asingekuwa anaisimulia kila jikoni anapoingia, tena anaisimulia vibaya, eti nililia kwa sauti mpaka majirani wakatoka nje, wakati mimi nililia kimya kimya kama mtu mzima na jirani alitoka kwa sababu nyingine kabisa ambayo nitawaambia. Bora aliyeumbuka aseme mwenyewe.

Kwa wasionijua, mimi ni Shangazi Rehema wa Temple Hills, hapa Marekani. Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani, na kipaji changu (mnaruhusiwa kucheka) ni kusimulia tamthilia za Kikorea. Ilianza kwa wema tu. Mama Furaha, jirani yangu, Mkongo wa Bukavu, anazipenda tamthilia hizo kuliko chakula, lakini yale maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha yanamkimbia, basi Jumamosi mchana nikawa namsomea kwa Kiswahili. Nikasoma, nikasoma, siku moja nikatia chumvi kidogo nikaona anacheka, wiki iliyofuata nikatia kijiko kizima, na kufikia mwaka jana sebule yangu ilikuwa inajaa akina mama wamekunja miguu kwenye zulia, mimi nimesimama kando ya televisheni nawapa wahusika majina na maneno yangu, kama wale jamaa wanaoingiza sauti za Kiswahili kwenye mikanda kule nyumbani. Hadithi yenyewe ilivyoandikwa ikawa hainihusu tena.

Sasa ikatoka tamthilia moja, jina silitaji. Kuna afisa wa usalama, enzi zile Korea inatawaliwa na wanajeshi, kazi yake kukamata wanafunzi wanaodai uchaguzi, halafu anampenda binti mmoja mwanafunzi aliyejificha kwenye duka la mikate. Huyo afisa, shoga zangu! Koti jeusi refu, nywele zimelala utadhani zimepigwa pasi. Nikambatiza Afande Mtamu, na wale wanafunzi nikawaita Vichwa Ngumu. Kwetu kila picha ina steringi, yule mwenye picha, yule ambaye hafi, na sura ile haikuhitaji mjadala. Na nisiwadanganye, nilikuwa nimeona kwenye simu kwamba Wakorea wamekasirika, watu wanasaini iondolewe hewani, makampuni yametoa matangazo yao, wanasema inawasafisha watesaji. Nilisoma mistari miwili, nikasema hiyo kiki tu, wanatafuta umaarufu, nikaendelea kukaanga vitumbua.

Basi Neema, binti wa kaka yangu Elias, akapata mchumba, Danieli, kijana wa Kikorea aliyezaliwa hapa hapa, wazazi wake wana duka la miwani Annandale. Kijana mpole, anajifunza Kiswahili kwa bidii mpaka anatutia aibu, maana watoto wetu wenyewe ukiwasemesha wanajibu Kiingereza. Tatizo lilikuwa baba yake. Mzee Han alikuwa hajakubali. Hakukataa, ila kila akiulizwa alisema "tutaona", na hiyo "tutaona" ilikuwa imefikisha mwaka. Neema alikuwa amekonda. Ndipo siku moja mzee akasema sawa, atakuja Woodbridge kwa Elias na mkewe kuonana na familia, na kama moyo wake utaridhika ataleta posa siku hiyo hiyo. Siku ilipofika, Elias alinipigia simu asubuhi. "Dada," akasema, "nakuomba. Leo usiongee sana." Nikamwambia kaka usiwe na wasiwasi, leo mimi ni maji ya mtungi.

Wageni tuliwaambia saa saba. Sisi wenyewe tulijua saa saba maana yake saa tisa, kwa hiyo saa saba kasoro dakika mbili kengele ilipolia, pilau ilikuwa bado mchele mbichi, wifi yangu ana rola kichwani, na Elias yuko bafuni. Nikafungua mimi. Mzee Han suti ya kijivu, Bi Han na boksi la mapeasi makubwa yamefungwa kitambaa cha hariri, Danieli kasimama nyuma yao jasho linamtoka. Wakavua viatu, wakakaa. Kimya. Mama Furaha (nilimleta anisaidie kukata kachumbari) akawatazama, wakamtazama. Elias akatoka, akasalimia, akakaa, na yeye akanyamaza. Nikasikia saa ya ukutani. Mimi kimya cha namna ile kinaniwasha mwili, siwezi, nikajiambia hawa ni Wakorea, mimi ni mtaalamu wa mambo ya Kikorea, kwa nini wageni wateseke? Nikachukua rimoti. Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi.

Nikawasha ile ile, sehemu ya sita. Nilipoona Mzee Han amekaa wima ghafla, nikadhani amefurahi kuona kwao. Nikaanza taratibu, Mama Furaha akacheka, basi kichwa kikapanda, nikachukua mwiko uliokuwa mezani nikaufanya kipaza sauti. "Huyoo! Afande Mtamu anashuka garini! Vichwa Ngumu, leo mtanyooka!" Mzee akamwinamia Danieli akamnong'oneza, Danieli naye akanong'ona jibu. Mimi nikaona kumbe baba anataka kujua nasema nini, kavutiwa! Nikaongeza sauti. (Kumbe yule mtoto, kwa malezi mazuri aliyopewa, hawezi kumdanganya baba yake, alikuwa anamtafsiria kila neno. Kila neno!)

Ikafika ile sehemu ambayo mwanafunzi mmoja amefungwa kwenye kiti. Naona aibu hata kuisema. Afande kasimama mbele yake na koti lake, kakunja mikono ya shati, mimi nikapaza sauti: "Sema, kijana! Taja majina! Afande anakuuliza kwa upendo!" Nikapiga makofi. Mama Furaha, aliyezoea kunifuata, akapiga makofi mawili kisha mikono ikamwishia hewani, maana Mzee Han alikuwa amesimama. Akainama kidogo kwa Elias, kwa heshima zote, akatembea mpaka mlangoni, akatoka nje. Na soksi.

Weee! Neema akatoka jikoni mbio, akaniambia kwa Kiingereza (huyu mtoto akikasirika Kiswahili chote kinamtoka), "Shangazi, unajua umefanya nini? Huyo kwenye kiti ni yeye! Baba yake Danieli alikuwa mwanafunzi! Walimkamata!" Machozi yanamtiririka na poda yote ya asubuhi. Danieli akaangalia zulia. Elias akanitazama tu, na mimi ningependa kofi kuliko jicho lile. Nilitamani ardhi ipasuke. Mwaka mzima mtoto wa watu amesubiri, mimi nimemharibia kwa dakika kumi na mwiko mkononi.

Nikatoka nje mbio, mwiko bado ninao. Mzee kasimama katikati ya majani, mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, soksi zimelowa. Sasa mimi ni Mhaya wa Bukoba, kwetu ukimkosea mkubwa maneno matupu hayatoshi, nikapiga magoti pale pale kwenye maji na gauni langu la kitenge jipya, nikainama mpaka paji la uso karibu liguse majani. "Nisamehe, mzee wangu. Mimi ni mjinga. Mjinga mkubwa." Yeye akashtuka, kumbe na kwao mtu akikuinamia hivyo huwezi kubaki umesimama, akapiga magoti naye, suti ya kijivu yote, akainama. Nikaona mzee ameinama, mimi nikashuka zaidi. Akaona nimeshuka, akashuka zaidi. Hakuna aliyejua namna ya kuacha.

Ndipo akapita jirani wa Elias, mzungu mmoja mwema sana, anatembeza mbwa. Akatuona watu wazima wawili magotini, nyuso chini, akauliza tumepoteza lenzi ya jicho? Kabla hatujajibu naye yuko magotini, anapapasa majani, anatuambia tusisogee tusije tukaikanyaga. Mbwa akaanza kunusa, akauokota mwiko wangu akaondoka nao. Wote waliokuwa ndani walikuwa wamejaa dirishani, nyuso sita kwenye kioo kimoja.

Nikasikia sauti ya ajabu, nikadhani mzee analia. Alikuwa anacheka. Anacheka mabega yanatetemeka, miwani imemteleza mpaka ncha ya pua, anamwambia jirani, "Asante, asante, tumeipata." Na mimi nikacheka huku machozi yangu yanashuka, yale ya kimya kimya niliyowaambia.

Jirani alipoondoka kumfukuza mbwa wake, Mzee Han akajipangusa magoti. "Na mimi nilikuwa na afande wangu," akaniambia. "Hakuwa na nywele nzuri." Akaendelea, "Si wewe uliyenikasirisha. Wewe umeoneshwa hivyo. Waliotengeneza ndio walijua." Halafu akanitazama sawasawa. "Twende ndani. Irudishe mwanzo. Mimi nitasema ilivyokuwa, wewe utasimulia."

Tukaingia. Wifi akamletea soksi kavu za Elias, na mimi nikawasha tena. Mzee akawa anaongea Kiingereza polepole, mimi nakigeuza Kiswahili. Akaeleza wale Vichwa Ngumu walikuwa watoto wa miaka ishirini, wanachapa karatasi za kudai kura kwenye chumba cha nyuma cha duka la vitabu, wanakula mkate mmoja watu watano. Akasema hakuna afande aliyempenda mtu. Akasema kwenye kile kiti walimtaka majina, na yeye, kwa sababu ya hofu tu wala si ushujaa, alisahau majina yote, hata lake. Ilipofika sehemu ya kijana na kiti, Mama Furaha akainua mkono kama yuko shuleni.

"Muulize," akaniambia. "Mama ya ule kijana, alijua fasi walimupeleka?"

Nikamuuliza kama mama alijua mahali alikopelekwa mwanawe. Mzee akavua miwani. Akasema mama yake alikuwa anakwenda kwenye geti kila asubuhi na shati safi, wanamfukuza, anarudi kesho na lile lile kalifua upya. Siku moja wakalipokea. Ndivyo alivyojua mwanawe yu hai. Mama Furaha akasema, "Njo vile," yaani ndivyo ilivyo, akahama kochi lake, akaenda kukaa karibu na mzee, akammenyea peasi. Hawakuongea tena wale wawili, hawana lugha ya pamoja, lakini mzee alikula lile peasi lote.

Na tungekuwa bado tumenyamaza mpaka leo kama si Bi Han, ambaye tangu aingie alikuwa hajatoa sauti. Akasema kwa Kiingereza, taratibu, "Lakini sehemu ya tisa wanaonesha afande ndiye anayempelekea kijana shati la mama yake. Uongo mtupu."

Mumewe akageuka. "Sehemu ya tisa umeiona wapi?"

Bi Han akatazama dari. "Kwenye simu."

"Wapi?"

"Bafuni," akasema. "Ninakwenda kuikasirikia."

Jamani! Danieli ndiye aliyeanza, akaangua kicheko mpaka akashuka kwenye kochi, Neema akamfuata, kisha Elias, ambaye huwa hacheki mbele za wageni, akawa anapiga goti lake kwa mkono. Kumbe nyumba nzima ya Annandale mzee amepiga marufuku ile tamthilia, na mama yuko bafuni kila jioni na bomba la maji kafungulia. Mzee Han alijaribu kununa. Alishindwa.

Pilau ikaiva saa tisa, kama tulivyojua itaiva. Baada ya kula Elias akakohoa, akauliza wageni wetu nani mshenga wao, nani atawasemea. Hawakuwa naye, hakuna aliyewaambia. Mzee Han akanyoosha kidole kwangu. Elias akafumba macho.

"Useme ninavyosema," mzee akaniambia, na nikaapa.

Akasimama na soksi za kaka yangu. Akasema, "Zamani watu wenye nguvu walinitaka majina ya watu wangu, hawakuyapata. Leo nimekuja kwenye nyumba hii kuyatoa bila kuulizwa." Akamtaja baba yake na kijiji chake. Akamtaja mama yake, yule wa shati. Akawataja rafiki zake wawili wa kile chumba cha duka la vitabu, mmoja ambaye hakurudi. Akamtaja mkewe, akamtaja Danieli. "Hawa ndio watu wangu. Tunaomba Neema awe mmoja wao, na sisi tuwe wenu." Nikayasema kwa Kiswahili, neno kwa neno, sikupunguza wala sikuongeza. Elias akamwita binti yake, akamuuliza kama desturi inavyotaka, "Neema, hawa watu unawajua?" Na yule mtoto wa Kiingereza akajibu kwa Kiswahili safi, wala hakuangalia chini: "Ninawajua, baba." Mama Furaha alipiga vigelegele mpaka rola la mwisho la wifi likaanguka.

Tangu siku ile, kabla sijamwita mtu steringi nauliza kwanza nani yuko kwenye kiti. Na nimeapa mbele ya kaka yangu kwamba sitawasha tena tamthilia mbele ya wageni kabla sijajua walipitia nini. Elias anasema nianze na kutowasha kabisa.