Pembe za Mkiani

Ukifungua boksi la zamani la dinosaria wa kuunga, harufu inakupokea kabla hujaona kitu: plastiki iliyokaa gizani, karatasi yenye ukungu, gundi iliyokauka ndani ya tyubu yake. Mimi ninayo maboksi kama hayo kabati zima. Nayasaka kwenye marundo ya mitumba, naandikiana na watu wa nchi nisizozijua, na wanangu wamenikatia tamaa. "Mama na mijusi yake," wanasema. Waache waseme. Hawakumwona bibi yangu akimuunga wa kwanza.

Tulikaa Kamunyonge, Musoma, baba akifundisha shule ya msingi. Mwalimu mmoja Mzungu, alipokuwa anarudi kwao, alimwachia baba vitabu, sufuria na boksi lile. Vipande vya kijani vilikuwa bado vimeshikana kwenye vijiti vyao, mguu hapa, taya kule, nami nikavinusa kimoja kimoja. Juu ya boksi palichorwa mnyama mnene mwenye kichwa kidogo cha ajabu, mgongo umepangwa vibamba, na mwisho wa mkia ana miiba mirefu. Baba alisema waliishi zamani sana, kabla ya mtu yeyote kuwako duniani. Nikauliza, sasa nani aliwaona? Akaniambia nikachote maji.

Ulikuwa mwaka wa kuhamia vijijini, serikali ikiwakusanya watu kwenye vijiji vya ujamaa. Bibi, mama yake baba, alikuwa ametoka kwenye boma lake upande wa Butiama akawekwa kijiji kipya, nyumba zimenyooshwa kama watoto kwenye paredi. Shule ilikuwa inajengwa, zahanati inakuja, na baba aliyasifu hayo kwa moyo wake wote. Lakini pale kijijini hapakuwa na malisho ya karibu, kwa hiyo ng'ombe wa bibi waligawanywa kwa ndugu zetu wa Mugango, kule ziwani. Yeye akabaki na kibuyu cha maziwa kisicho na maziwa.

Tulipokwenda likizo tulimkuta amekaa mlangoni, amekonda, hasemi. Ugali anauonja, anausukuma. Huyu ndiye bibi aliyekuwa akiniona tu anapiga kelele, "Mke mwenzangu, umekuja kuninyang'anya mume?" Sasa aliniitikia kwa kichwa. Nikamsikia shangazi akinong'ona jikoni kwamba kwa hali hii mama hatafika mavuno ya pamba. Jamani, niliogopa! Dawa sikuwa nayo. Nilikuwa na boksi.

Nikamimina vipande mkekani, mbele ya miguu yake. Kwanza hakutazama. Kisha akaokota kiwiliwili, akakigeuza, akapitisha kidole chini ya tumbo.

"Kiwele kiko wapi?"

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu tufike.

"Hana, bibi. Ni kama mjusi. Anataga mayai."

"Mkubwa hivi anataga! Alikuwaga anakula nini?"

"Majani."

"Basi huyu ni wa kufugwa," akasema, akauvuta mkeka karibu.

Tukaunga mchana kutwa. Kila mguu aliuchunguza kama yuko mnadani, akauliza mnyama huyu alilala vipi na vibamba vile mgongoni, alikunywa wapi, ndama wake alimfuata nani. Tulipofika kwenye miiba nikaipeleka mkiani kama picha inavyoonyesha. Akanidaka mkono.

"Wee! Pembe matakoni?"

Baba, aliyekuwa pembeni akisahihisha madaftari, akacheka. "Mama, ndivyo ilivyochorwa."

"Huyo aliyechora alimwona?"

"Hapana. Walikufa kabla ya watu."

"Basi alijuaje? Huyo hajachunga hata mbuzi."

Kwetu ng'ombe huitwa kwa rangi yake na kwa jinsi pembe zake zilivyokaa. Asiye na pembe utamwitaje? Baba alionya kwamba gundi ikishika haibanduki tena. Nikaiangalia picha, nikamwangalia bibi, nikampa tyubu. Miiba yote akaibandika kichwani, imepinda mbele, akakisimamisha kiumbe kile mkekani na kukizunguka. Kisha akakipa jina kwa Kizanaki, jina refu lenye rangi na pembe ndani yake, akalirudia kwa sauti ya kuitia ng'ombe jioni. Jirani alitoka nje kuangalia ni ng'ombe wa nani.

Usiku ulipoingia aliomba ugali. Alikula na samaki sato mzima, akanitukana kwamba mke mwenza gani mimi, nakula kama fisi. Shangazi alitoka nje kufuta machozi.

"Na wenzake huyu wako wapi?" bibi akauliza, akinawa.

Baba akaeleza taratibu, kimwalimu. Hakuna anayejua vizuri. Dunia ilibadilika, wakatoweka wote, ikabaki mifupa.

Bibi alimtazama mwanawe.

"Walihamishwa," akasema.

Mimi nilicheka mpaka nikapaliwa. Baba naye alianza kucheka, kisha akaacha, akainuka kwenda kulala, nami nikadhani amechoka. Sikuwaza kwamba ni yeye aliyeleta trela kwenye boma la bibi, akapakia vyombo vya mama yake kwa mikono yake, akamwambia atazoea.

Asubuhi baba hakuwepo. Shangazi alisema amekwenda Mugango, nikajua tumepata samaki wabichi. Alirudi siku ya pili, miguu imejaa vumbi, anavuta kwa kamba mtamba mmoja, ng'ombe jike mchanga wa kundi la bibi. Alimfunga mlangoni kwa mama yake, akaingia kulala, nami nililia sana siku ile kwa sababu hakuleta samaki.