Shahidi wa Breki

Walimwita Breki kwa sababu katika ghala lile la mabati hakukuwa na dereva wa foklifti mwangalifu kama yeye. Miaka yote hajawahi kumkwaruza mtu. Lakini siku ile meneja alimsimamisha kazi mbele ya wapakiaji, kidole kwenye kioo cha kompyuta: nukta ya kidude alichovaa, kinachoonyesha kila mfanyakazi alipo, ilikuwa ndani ya stoo ya shaba, saa ileile shaba ilipopotea.

"Nilikuwa nyuma ya mabati, bosi."

"Mashine haina mjomba wala shangazi, mzee. Haidanganyi."

Breki alifika nyumbani na ngumi mfukoni. Mkewe akamwekea chai. Chai ikapoa, yeye akachemka.

"Wewe ndiye uliyenivisha hiki kidude," alimwambia mpwa wake, fundi wa redio aliyefunga vipokezi ghalani. "Leo kimenivua nguo."

Mpwa akamweleza kilichotokea. Mawimbi ya kidude, mengine huenda moja kwa moja hadi kwenye kipokezi; mengine hugonga kwanza ukuta wa chuma, yakazunguka. Yaliyonyooka hutangulia kufika, hata yakiwa yamefifia kwa kupenya mianya ya mizigo. Yaliyogonga huchelewa, ila huja na kelele. Kampuni ilijaribu mtambo ghala likiwa tupu, ikauamuru usikilize sauti kubwa. Kisha mabati yakajazwa hadi darini, mwangwi ukazidi, ukaitupa nukta kwenye stoo ya shaba.

"Mjomba, mtambo umemwamini mpiga kelele, ukampuuza aliyetangulia."

"Kama vikao vya ukoo wenu," mkewe akadakia. Breki hakucheka.

Asubuhi mpwa alifika ghalani na Breki, akamwomba meneja avae kidude, asimame nyuma ya mabati. Wapakiaji wakazunguka kioo. Nukta ikarukia stoo ya shaba.

"Mwizi huyo! Mkamateni!" mmoja akapaza sauti, ghala zima likaangua kicheko.

Meneja akakivua upesi. "Hitilafu tu. Fundi, rekebisha. Breki, panda, kazi imelala."

Breki alipanda, kweli. Akavuta breki ya mkono, akachomoa ufunguo.

"Jana kilikuwa shahidi. Leo kimekugusa wewe, kimekuwa hitilafu?"

Meneja akamsogelea, akanong'ona kitu cha kuomba radhi.

"Aa, bosi. Ulinichafua kwa kelele, usinisafishe kwa kunong'ona. Waambie hawa."

Nje malori yalipiga honi. Wapakiaji wakakalia mizigo, wakamkodolea meneja macho. Breki akautia ufunguo mfukoni, akasubiri.