Jambazi Hakupigwa Risasi

Kwanza niutaje upumbavu wangu, tumalizane nao: nilipokuwa darasa la tano nilifungua skrubu za kabati la mama kwa kisu cha mezani, nikang'oa kioo chake kikubwa, kile cha kujitazama mpaka miguuni, nikaondoka nacho nimekifunika shuka. Shuka lenyewe nalo lilikuwa la kitanda chake. Sikuona sababu ya kuiba nusunusu.

Nimeyakumbuka haya juzi, tulipotoroka bweni kwenda sinema mjini Mtwara. Picha ilianza kwa maandishi kwamba ni kisa cha kweli cha mnyang'anyi aliyewahi kuishi huko Ulaya. Jamaa akapigwa risasi, akainuka, akachana nywele, akaendelea na kazi. Wenzangu wa kidato cha tatu wakameza vyote. Mimi nikacheka peke yangu mpaka nikazomewa, maana kisa cha kweli cha jambazi nimewahi kukitengeneza mwenyewe, nyumbani Mtawanya, na nilikiharibu vilevile.

Ilikuwa hivi, rafiki yangu. Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na ghala la korosho. Msimu ukiisha lilibaki tupu, giza tii mchana kweupe, likinuka magunia na mabibo yaliyochacha, harufu ambayo hata leo ikinipitia puani narudi kuwa mdogo. Tulitundika shuka katikati. Mwenzangu mmoja wa darasani alisimama nje na kioo, akalinasa jua na kulirusha ndani kupitia kidirisha; mimi nyuma ya shuka nikawapitisha watu niliowakata kwenye maboksi, na watazamaji upande wa pili wakaona vivuli vinatembea. Kiingilio kilikuwa konzi ya korosho za kukaanga. Asiye na korosho alileta ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha. Bibi yangu mzaa mama, tuliyeishi naye, aliingia bure, kwa kuwa aliniita mume wake, na mume gani anamtoza mkewe?

Picha ya siku hiyo ilikuwa ya jambazi wetu wenyewe, wa zama za Mwingereza, aliyevunja nyumba na maduka kuanzia Mikindani mpaka Kitaya huko mtoni. Hadithi yake niliipata kwa jirani yetu muuza samaki, aliyeisimulia huku akipara samaki, na kadiri samaki alivyokuwa mkubwa ndivyo jambazi alivyozidi kuwa hodari. Risasi zilimgeukia maji. Ruvuma aliuvuka amekaa juu ya mamba. Mwisho, bwana polisi wa Kizungu akamvizia, akampata kwa risasi moja iliyokataa kugeuka maji. Nikaweka hivyohivyo. Mamba nilimpaka masizi, akapendeza kuliko jambazi.

Polisi alipoinua bunduki, nami nimeshakusanya pumzi za kulia "puu," bibi akasema kutoka gizani:

"Simamisha hiyo sinema, mume wangu. Huyo hakupigwa risasi. Nilimpiga mimi, kwa mchi."

Ghala zima likaangua kicheko. Muuza samaki, ambaye alikaa mbele kama mwenye picha, akageuka. "Bibi, pumzika. Jambazi wa bunduki, umwangushe wewe na mchi wa kutwangia?"

"Bunduki aipate wapi, mwanangu? Alikuwa na panga butu na kikohozi. Kikohozi ndicho nilichokisikia kwanza. Aliingia kwangu Mikindani kuchukua cherehani ya marehemu, nikampiga mchi gotini. Asubuhi wakamkuta kwenye mikoko, hawezi kutembea. Mzungu wako alikuja kumbeba tu."

Watoto wakapiga makelele kwamba stelingi, shujaa wa picha, hafi ovyo, sembuse kuvunjwa goti na bibi kizee. Mmoja akarusha ganda la korosho. Nilimchungulia bibi pembeni ya shuka: alikuwa akijifunga kanga upya, macho mlangoni. Hapo nikajua hatanii. Miaka yote hiyo alikuwa akiisikia hadithi ile ikipita mbele ya nyumba yake, yeye hayumo. Na safari hii aliyemtoa ni mimi, mume wake.

Basi nikamtupa polisi. Nikachana boksi la sabuni, nikakata mwanamke mfupi mwenye mchi mrefu. Wakazomea wanataka bunduki. Nikamwinua mwanamke wangu vilevile, na palepale mwanga ukazimika. Kule nje mwenzangu alikuwa amemwona mama, akatimka.

Ghala lile sasa limebomolewa, mabati yake yameezekwa kwenye nyumba za watu. Bibi tumemzika mwaka juzi, na sina tena wa kuniita mume. Watoto wa siku hizi wakitaka picha wanaomba nauli ya mjini. Muuza samaki bado yupo, anapara na kusimulia, ila jambazi wake siku hizi anaangushwa na mchi, na kila nikirudi likizo mchi umerefuka kidogo. Wageni wakimuuliza ni mama gani huyo, ananyoosha kisu kuelekea nyumbani kwetu. Nami hupita hapo taratibu sana, kifua mbele, hata kama sina ninakokwenda.

Siku ile mama aliingia ghalani kioo kikiwa kwapani. Kumbe alisimama nyuma ya ukuta muda mrefu kabla mwenzangu hajamwona, amesikia kila kitu. Hakunitazama mimi. Alimtazama bibi, kisha muuza samaki. Maneno yake ni haya, sijaongeza wala kupunguza:

"Mama yangu hasemi uongo. Usiku ule taa niliishika mimi. Haya, anzeni upya, kioo nakishika mwenyewe. Na wewe huko nyuma ya shuka langu, fimbo yako ipo palepale, ila itangoja sinema iishe."